Kamba ya Bihogo

Mwaka ulikuwa 2023, katika vuli, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Novemba. Mvua iliyoanza usiku ilikuwa haijakata, nayo barabara ya udongo inayopanda kilima cha Rebero, jijini Kigali, ilikuwa utelezi mtupu. Tangu saa kumi na moja alfajiri Nyiraneza alikuwa amesimama barazani, shali mabegani na miwani puani, akilisubiri lori lililopaswa kuwa limekwisha kufika.

Nyuma yake nyumba ilikuwa imevuliwa nguo. Mapazia yalikuwa yameshushwa, misumari ya picha imebaki ukutani peke yake, na ukumbini yalipangwa maboksi thelathini na moja, kila moja likiwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa mwandiko wa ubaoni: "Sahani. Zisilazwe." "Vitabu. Wabebe wawili." "Sabuni, taulo, dawa. Na. 22." Alikuwa amefundisha shule ya msingi huko Karagwe, Tanzania, kwa miaka kumi na minane kabla ya yeye na mumewe kurejea Rwanda mwaka 1996, na hata sasa, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, hakuweza kuvumilia kitu kisichokuwa na jina lake.

Safari hii ilikuwa ya kurudi kule alikotoka, na kupita mbali zaidi. Shyaka, mwanawe wa pekee, alikuwa mhandisi wa minara ya simu, naye alikuwa amepata kazi Dar es Salaam. Mkewe na watoto wawili walikwisha kutangulia. Nyumba ya Rebero ilikuwa imepata mnunuzi, na mnunuzi alizitaka funguo Jumapili. Mwenye lori aliyekodiwa, mtu aitwaye Kalisa, angewapelekea vitu hadi mpakani Rusumo. Huko vingehamishiwa katika lori kubwa la Dar es Salaam, ambalo lingeondoka saa kumi jioni na halingemngoja mtu. Shyaka angekwenda na vitu. Mama yake angefuata kwa basi kesho yake.

Hayo yote yangalikuwa mepesi kama isingalikuwa Jumamosi ya umuganda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano, mji mzima hushika jembe na fagio, na magari hayatembei. Shyaka aliichagua siku hiyo kwa sababu Kalisa alimpunguzia bei. "Tutakuwa tumeuacha mji saa moja, Mama," alikuwa amesema. Sasa ilikuwa saa kumi na mbili na robo, na barabarani hakukuwa na kitu ila maji.

Lakini si lori lililomnyima Nyiraneza usingizi. Kilichomnyima usingizi kilikuwa bandani nyuma ya nyumba, kikitafuna majani polepole: Bihogo, ng'ombe wa rangi ya hudhurungi iliyoiva, mwenye mimba ya mwezi wa mwisho.

Miaka tisa iliyopita, Ntare mumewe alipofariki, Mzee Munyaneza wa Kagarama alikuja na mtamba mmoja kwa kamba, akamkabidhi mjane wa rafiki yake mbele ya watu. Katika nchi ile ng'ombe wa namna hiyo hapewi mtu bure, wala hauzwi. Aliyepewa hukaa na deni: ng'ombe akizaa jike, jike huyo hukuzwa, kisha hurudishwa kwa aliyetoa, na hapo urafiki hufungwa kwa kamba mbili. Bihogo alizaa jike mimba ya kwanza kabisa. Ndama yule alipofikisha mwaka mmoja, Shyaka alikuwa katika mwaka wa mwisho wa chuo kikuu na karo haikuwapo. Nyiraneza alimuuza ndama mnadani, akamtumia ujumbe Munyaneza kwamba amekufa kwa ugonjwa wa ndigana.

Tangu hapo Bihogo alizaa madume matupu. Munyaneza hakuwahi kuuliza. Na Nyiraneza, ambaye aliwahi kumchapa mwanafunzi kwa uongo wa kalamu moja, aliubeba uongo wa ng'ombe mzima kwa miaka sita bila ya kumwambia mtu, hata mwanawe.

Basi alikuwa ameazimia: lori likishaondoka, atamfungua Bihogo, ampeleke Kagarama kwa miguu pamoja na mimba yake, aseme yaliyomo moyoni, kisha apande basi akiwa mtu huru. Mara mbili alimwambia Shyaka, "Bihogo niachie mimi." Mara zote mbili Shyaka alikuwa na simu sikioni, akaitikia kwa kichwa. Zaidi ya hapo hakusema, kwa kuwa neno moja zaidi lingaliuvuta uongo wote hadharani.

Lori lilifika saa kumi na mbili na nusu likipiga kelele kama linaumwa. Aliteremka mtu mpana, mwenye kofia ya sufu na sauti ya sokoni, na nyuma yake wanaume wawili waliovaa fulana za njano, wale wapakiaji ambao Kigali huwaita makarani.

"Shikamoo, Mukecuru, bibi yangu! Hiyo barabara yenu iko mbaya kama deni."

"Marahaba. Saa yako imesimama, Bwana Kalisa, au umesimama wewe?"

Kalisa akacheka. Alikuwa amekulia Uganda, kwa wafugaji wa ng'ombe wa Mbarara, na Kiswahili chake alikiokota katika vituo vya malori. "Mimi niko hapa, Mama. Niambie tunaanza na nini."

Walianza na kabati. Lilikuwa kabati la mninga, refu kuliko mtu, ambalo Ntare alilichonga kwa mkono wake huko Karagwe katika mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Lilivuka mpaka pamoja nao mwaka 1996 likiwa limejaa nguo na madaftari. Nyiraneza aliwasimamia makarani walipolizungushia mablanketi mawili na kulifunga kwa kamba. "Pembeni! Pembeni, nimesema! Hilo si gunia la viazi." Kalisa alipitisha kiganja juu ya mlango wake kabla haujafunikwa, kama mtu apimaye ngozi ya ng'ombe mnono.

"Hii haitengenezwi tena," alisema.

"Haitengenezwi."

Likaingizwa mwanzo, likasukumwa hadi mbele kabisa ya lori. Yakafuata maboksi, vitanda, friji, na mwisho kabisa viti vya sebuleni. Shyaka alikimbia huku na huku, simu mkononi, akiitazama saa kila dakika. Saa moja na nusu turubai lilikuwa tayari kufungwa, na Nyiraneza akaanza kupumua. Hapo ndipo alipomwona Kalisa kando ya banda, akimpapasa Bihogo kiwele.

"Hii ng'ombe iko karibu kuzaa, sivyo, Mukecuru?"

"Huyu. Ng'ombe ni huyu, si hii. Na akizaa hatakuhusu."

"Itanihusu sana, Mama." Kalisa hakuwa akifanya mzaha. "Iko yangu. Ndiyo malipo ya lori. Mtoto yako hajakuambia?"

Nyiraneza aligeuka akamtazama mwanawe, na Shyaka, aliyekuwa na miaka thelathini na mmoja na vijana kumi na wawili chini yake kazini, akaiteremsha simu kama mtoto aliyekutwa na peremende darasani.

"Mama, nilitaka kukupunguzia mzigo. Mnunuzi wa nyumba hajatulipa, na lori lilitaka kulipwa leo. Tena ulisema unamwachia... ulisema Bihogo..."

"Nilisema niachie mimi."

"Nikadhani umechoka naye."

"Umetia sahihi?"

Kalisa aliitoa karatasi kutoka katika kofia yake, akaikunjua kwa uangalifu. Ilikuwa imeandikwa, ina sahihi mbili, na ng'ombe alitajwa kwa rangi na kwa mimba.

"Rarua," alisema Nyiraneza.

"Mama, mkataba hauraruliwi hivyo," Shyaka alisema kwa sauti ya chini. "Tumemlisha sisi miaka tisa. Majani nimeyakata kwa mikono yangu. Mzee Munyaneza mwenyewe hajawahi kudai."

"Wala hatadai! Mtu hampi mwenzake ng'ombe kisha akaja kupiga hodi kumdai. Hilo ndilo linaloniumiza."

"Basi tutamtumia kitu kutoka Dar es Salaam. Tukishatulia."

"Utamtumia nini? Samaki?"

Mmoja wa makarani alicheka, akakohoa ili kuificha. Kabla ya Shyaka kupata neno, kipaza sauti kilisikika kutoka barabarani, na langoni akatokea Arnaud, mkuu wa mtaa, mabuti yakiwa na tope hadi magotini na jembe begani.

"Saa mbili kasoro dakika tano," alisema. "Lori hili halitoki hapa hadi saa tano. Mfereji wa chini umezibwa na mvua, na mimi nawaona hapa wanaume wanne wenye afya."

"Mheshimiwa, tuna safari ya mpakani," Shyaka alianza.

"Maji nayo yana safari, ya kuingia nyumbani kwa jirani yako. Chukueni majembe. Bibi peke yake ndiye aliyeruhusiwa kubaki. Umri wake umepita."

Hapakuwa na la kubishana. Shyaka alihesabu kwa vidole: saa tano waondoke, saa nne za barabara kwa lori lililojaa, saa tisa Rusumo. Bado ingewezekana, mradi saa sita isiwakute Kigali. Kalisa aliutia ufunguo wa lori mfukoni, akakunja karatasi yake, na alipompita Nyiraneza akasema bila ubaya wowote, "Tukirudi, napakia ng'ombe kwanza, Mukecuru. Wewe na viti mtapanga wenyewe."

Nyumba ikawa kimya. Nyiraneza alisimama uani akiusikiliza mlio wa majembe kutoka bondeni. Alikuwa na saa tatu. Kagarama haikuwa mbali. Kwa njia ya nyuma, inayoshuka kati ya nyua, mtu mzima na ng'ombe mpole wangefika kwa saa moja. Karatasi ilimtaja ng'ombe; ng'ombe asipokuwapo, karatasi itampakia nani?

Alijua lile lilikuwa na jina gani. Miaka yote alikuwa amewafundisha watoto wa watu kulitaja jambo kwa jina lake. Hata hivyo alivaa mabuti ya mpira, akamfungua Bihogo, akaizungusha kamba mara mbili katika kiganja chake, akatoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku.

Hakufika mbali. Hatua mia tatu chini ya njia, Bihogo alisimama. Nyiraneza alivuta. Bihogo alizungusha kichwa, akautazama ubavu wake kwa mshangao, akapiga magoti katika matope, kisha akalala. Mfuko wa maji ulipasuka hapo hapo.

"Si hapa," Nyiraneza alinong'ona. "Si leo, Bihogo. Nakusihi."

Alichuchumaa, akangoja. Alikuwa ameuona uzazi wa Bihogo mara nne: hutangulia kwato mbili, kisha pua imelala juu yake, na baada ya hapo mambo huenda yenyewe. Dakika kumi zilipita, kisha ishirini. Ilitokea kwato moja. Akangoja ya pili. Bihogo alikaza, akakoroma, akakaza tena, na kwato ikabaki ile ile moja, njano, imeelekea mbinguni.

Alimpigia simu daktari wa mifugo. Daktari alijibu kwa sauti iliyojaa kelele za mafagio. Alikuwa Kimironko, upande wa pili wa mji.

"Mama, hakuna pikipiki itakayonibeba kabla ya saa tano. Mguu mmoja umekunjika ndani. Lazima mtu amrudishe ndama nyuma kidogo, autafute mguu, aunyooshe. Una mtu mwenye mikono?"

Nyiraneza aliitazama mikono yake. Baridi yabisi ilikuwa imevipinda vidole kiasi kwamba kufunga selotepu ya maboksi kulimchukua juma zima.

"Akingoja saa tano?"

"Ukingoja saa tano, Mama, utampoteza ndama. Na pengine mama yake."

Chini ya njia, nyuma ya ua wa mianzi, majembe yalilia. Watu arobaini walikuwa mle mferejini, na miongoni mwao mmoja tu ndiye aliyekulia kati ya mifugo. Nyiraneza alimtazama Bihogo, akaitazama kamba iliyokuwa bado kiganjani mwake, na akaona hakuna njia ila ile moja. Akajivuta hadi ukingoni, akapaza sauti aliyokuwa akiitumia kuuita mstari wa asubuhi.

"Kalisa! Kalisa, njoo! Shyaka!"

Kalisa alipanda mbio, tope likimruka. Alimwona ng'ombe. Kisha akaiona kamba, akayaona mabuti, akaitazama njia ielekeayo Kagarama.

"Mukecuru. Ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Nilikuwa ninamwiba," alisema Nyiraneza. "Nitakueleza baadaye. Mguu mmoja umekunjika ndani."

Kalisa akavua shati. "Sabuni! Lete sabuni na maji."

"Boksi namba ishirini na mbili," Shyaka alisema akihema.

"Liko wapi?"

"Chini kabisa. Nyuma ya friji."

"Nyinyi watu mnajua kufunga, hamjui kuishi!" Kalisa alifoka, na tayari Mukunde, jirani wa nyumba ya mianzi, alikuwa akija na kipande cha sabuni na ndoo iliyomwagika nusu.

Kalisa alijipaka sabuni hadi begani, akalala kifudifudi katika matope, akauingiza mkono. Bihogo alilia kilio ambacho Nyiraneza hakuwahi kukisikia kwake. Alikishika kichwa chake mapajani, akauona weupe wa jicho lake, na kiapo kikamtoka chenyewe, kile ambacho Wanyarwanda huapa wanapozidiwa, kwa kumtaja aliyewapa ng'ombe.

"Yampaye inka Munyaneza!" alisema. "Yampaye inka Munyaneza, usife!"

Bega la Kalisa lilitulia. "Nani Munyaneza?"

"Endelea na kazi yako."

"Naendelea. Mkono unafanya kazi, masikio yako wazi. Munyaneza alikupa hii ng'ombe?"

"Alinipa."

"Na wewe ulirudisha?"

Nyiraneza alimtazama mwanawe, aliyepiga magoti upande wa pili, nywele zimemganda usoni. Mvua ilinyesha kidogo kidogo juu yao wote. Angeweza kunyamaza tena. Alikuwa na mazoezi ya kutosha.

"Sikurudisha. Alizaliwa jike wa kwanza, nikamuuza. Nikamwambia Munyaneza amekufa. Alikuja nyumbani kunipa pole kwa msiba wa ndama, akaleta kibuyu cha maziwa ili nyumba isikae bila maziwa. Nikayanywa mbele yake." Alivuta pumzi. "Shyaka, ule mwaka wako wa mwisho wa chuo. Ile karo."

Shyaka alijifuta macho kwa mkono wenye tope. Midomo yake ilitikisika kama anayesoma maandishi madogo.

"Nimeupata!" Kalisa alikoroma. "Goti... nimeshika goti. Usimwachie kichwa, Mama. Shyaka! Acha kulia, lete kamba hiyo. Funga hapa, juu ya kwato. Ikikaza, vuta. Ikipumzika, pumzika. Sasa!"

Walivuta. Walipumzika. Walivuta tena, Shyaka akiteleza hadi akakaa katika tope, Arnaud naye akiwa ameshika mkia wa kamba, jembe limesahauliwa. Zilionekana kwato mbili, kisha pua, kisha ulimi wa buluu, na kwa mkupuo mmoja ndama aliteleza nje na kulala kimya. Kalisa alimfuta pua, akampuliza, akamkuna ubavu kwa konzi ya majani. Ndama akapiga chafya.

Mukunde alipiga vigelegele. Kalisa aliinua mguu wa nyuma, akachungulia, kisha akaangua kicheko kirefu cha mtu aliyechoka.

"Dume!"

Nyiraneza alifumba macho. Dume tena. Alikuwa ameomba, bila ya kukubali kwamba anaomba, kwamba angalau leo angekuwa jike.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Bihogo alikwisha kuinuka na kumlamba mwanawe kuanzia masikio hadi mkia. Kalisa alinawa kwa maji ya ndoo, polepole, bila kumtazama mtu.

"Ungeniambia asubuhi," alisema hatimaye.

"Ulinionyesha karatasi."

"Mtoto yako aliniambia ng'ombe ya nyumbani. Hakuniambia ng'ombe ya kurudishwa. Mama yangu bado iko Mbarara. Akisikia nimeingiza kwangu ng'ombe ya namna hiyo, hatakanyaga kwangu tena, hatagusa maziwa." Akajifuta kwa shati. "Lakini lori inakunywa mafuta, Mama. Haikunywi heshima. Nilipwe na nini?"

Nyiraneza alikuwa amekwisha kulifikiria jibu, tangu pale mkono wa Kalisa ulipokuwa ndani ya Bihogo.

"Kabati," alisema.

"Mama, hapana!" Shyaka aliruka. "Kabati la Baba haliendi kokote. Friji, televisheni, achukue vyote. Nitamtafutia pesa mwezi ujao."

"Mwezi ujao ni wako. Leo ni yake. Aliutia mkono wake mahali ambapo wewe na mimi hatungeweza kuutia." Akamgeukia Kalisa. "Kabati la mninga, na viti vya sebuleni. Utavishusha viti hapa kwa Mukunde, utavichukua ukirudi. Nafasi ya viti nataka apande Bihogo, nawe utupeleke Kagarama kabla ya kwenda Rusumo."

Kalisa aliitazama saa yake, kisha akamtazama bibi, kisha lori kule juu. "Ng'ombe aliyezaa sasa hivi, mlima wenye utelezi, na saa moja tu kabla ya saa sita."

"Kasoro dakika chache."

"Yampaye inka mama yangu," Kalisa alisema, naye akaitoa karatasi kofiani, ikiwa imelowa, akaipasua vipande viwili. "Twende!"

Kengele ya saa tano ilipolia kanisani bondeni, viti vilikuwa tayari barazani kwa Mukunde. Makarani walilaza mbao mbili; Bihogo alikataa, akasukumwa, akakataa tena, na alipoonyeshwa ndama mikononi mwa Shyaka, akapanda mwenyewe. Nyiraneza aliiandika karatasi mpya juu ya boneti, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, na Kalisa akatia sahihi bila ya kuisoma. Katika mwanya kati ya friji na maboksi, mbele kabisa, pembe ya kabati ilionekana ndani ya blanketi. Haikuwapo nafasi ya kulishusha. Lingesafiri nao hadi Rusumo, hadi ule mpaka liliouvuka mwaka 1996, kisha lingerudi Kigali katika nyumba ya mtu mwingine. Nyiraneza aligeuza uso, akapanda mbele.

Lori liliteremka kwa gia ndogo. Mara mbili magurudumu yaliteleza, na nyuma Bihogo akakanyaga ubao kwa kishindo, mara mbili Shyaka alipiga kelele kutoka huko huko, "Yu mzima! Endelea!" Kalisa alishika usukani kwa mikono miwili na kusaga meno. Saa tano na dakika thelathini na tano walisimama mbele ya lango la Mzee Munyaneza.

Munyaneza alikuwa amekaa kwenye ngazi akikwangua tope katika jembe lake, ingawa umri wa umuganda ulikwisha kumpita zamani. Aliinuka kwa kuegemea mpini. Aliliona lori, akaliona turubai, na mbao zilipolazwa akamwona ng'ombe wake akishuka, damu ya uzazi haijakauka mkiani, na nyuma yake Shyaka amekumbatia ndama.

"Mama Shyaka. Nilisikia mnahama leo. Sikusikia mnahamia kwangu."

"Mzee Munyaneza, sina muda wa kukaa, na ninayokuja kusema hayasemwi kwa haraka. Nisamehe nikiyasema kwa haraka." Nyiraneza alisimama wima, kamba mkononi. "Ulinipa ng'ombe. Jike wake wa kwanza alikuwa wako. Nilikuambia amekufa kwa ndigana. Hakufa. Nilimuuza."

Mzee aliushika mpini kwa mikono miwili.

"Karo yangu ndiyo iliyomla, Mzee," Shyaka alisema nyuma yake. "Sikujua. Leo nimejua."

Munyaneza aliliegemeza jembe ukutani, polepole. Kalisa aliuweka mkono kwenye honi, akauondoa.

"Yale maziwa ya pole," mzee alisema mwishowe. "Niliyokuletea. Uliyanywa?"

"Niliyanywa."

"Yote?"

"Yote. Ulikuwa ukinitazama."

"Ndiyo. Nilikutazama." Alikuna kidevu chake. "Nilidhani ni huzuni iliyokufanya usiniangalie."

"Ilikuwa aibu."

"Na huyu mdogo? Ni jike?"

"Ni dume. Sina jike wa kukupa. Ndiyo maana nimekuletea mama yake."

Munyaneza alimkaribia Bihogo, akampapasa shingo pale alipokuwa akimpapasa alipokuwa mtamba. Bihogo alimnusa mkono, akaulamba. Kisha mzee akakinyoosha kiganja, kitupu, kimefunguka, kama kifanyavyo kiganja cha mtu apokeaye ng'ombe mbele ya watu.

"Amashyo, Mama Shyaka," alisema. Ni salamu ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe. Kwa miaka sita hakuwa amempa salamu hiyo, wala Nyiraneza, kwa aibu, hakuwa ameitafuta.

"Amashongore," Nyiraneza akaitikia.

Honi ililia. Nyiraneza aliizungusha kamba kinyume, mara moja, mara mbili, hadi ikatoka katika vidole vyake vilivyopinda na kuacha alama nyekundu kiganjani, akaiweka mkononi mwa Munyaneza, na akamfunga mzee vidole juu yake.